Ndugu yangu katahiriwa, sasa hagusi vyombo

Shangazi, nina miaka 22, naishi Kinoru, mjini Meru. Mama huuza mboga soko la Gakoromone, nami nauza katika duka la watu hadi jioni. Ndugu yangu ana miaka 13. Tangu apashwe tohara Desemba hagusi vyombo. Anasema mwanamume haingii jikoni. Kazi zote zimemwangukia dada yetu wa miaka 10: kuteka maji, kuosha vyombo, kupiga deki, kupika. Huchukua saa nne hivi kila siku, na masomo yameanza kumshinda. Mama anasema hiyo ni mila. Rafiki zangu wanasema kumtuma mtoto kazi yoyote ni dhuluma, tuajiri yaya. Nishike lipi?

Mwanangu, rafiki zako wamekosea, na mama pia amekosea.

Kazi za nyumbani si dhuluma. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, kifungu cha 31, unampa mtoto wajibu wa kuwasaidia wazazi wake, kulingana na umri na uwezo wake. Dhuluma huanza pale mzigo unapomlemea. Saa nne kwa siku ni saa 28 kwa wiki. Vipimo vya kimataifa vya ajira ya watoto huweka mpaka wa saa 21 kwa mtoto wa umri wake. Dada yako ameshauvuka.

Ama mila, mama aikumbuke yote. Zamani Mmeru aliyetoka jandoni alihamia gaaru, nyumba ya vijana wapiganaji. Ni kweli hakuosha vyungu vya mama yake, lakini hakukaa bure akingoja kupakuliwa. Alilinda kijiji na mifugo. Alibadilishiwa kazi, tena akapewa iliyo nzito zaidi. Leo gaaru haipo. Kilichobaki cha kulindwa ni nyumba ya mama yake, na ulinzi wake ni mtungi wa maji na sufuria safi.

Usigombane na ndugu yako. Mwombe mjomba, au yule aliyemuuguza baada ya tohara, amweleze hayo. Maneno ya mwanamume mwenzake atayasikia. Kisha keti na mama, umwonyeshe kwanza madaftari ya binti yake.

Mkielewana, gawaneni kazi. Ndugu yako ateke maji, afue sare yake, na apokezane vyombo na dada yake siku kwa siku. Kupika kubaki kwako na kwa mama. Dada asizidishe saa moja kwa siku, kisha afanye masomo na acheze. Pesa za yaya zinunue vitabu.

Na umwambie mama kwa heshima: siku moja kijana wake atapanga chumba chake, na humo hatakuwa na dada wa kumwoshea sahani. Amfundishe sasa.