Jina Jema la Benki Huandikwaje katika Hesabu?

Sisi wa darasa la juu tusomao hesabu za biashara hapa Gisenyi tumefika katika somo la nia njema. Wengi huliogopa bure. Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Nia njema ndiyo huko kujiuza: sifa, wateja wasiohama na makarani hodari.

Natoa mfano. Benki ina mali ya faranga milioni 500, yaani mikopo iliyotoa, majengo na fedha taslimu. Madeni yake, hasa amana za watu, ni milioni 420. Yabaki milioni 80. Mtu akiinunua yote kwa milioni 100, amelipa milioni 20 zaidi. Hizo 20 ndizo nia njema, naye huziandika katika mizania yake upande wa mali.

Yafaa kushika mambo matatu. Kwanza, benki haijiandikii nia njema yake yenyewe, hata ikipendwa miaka mia. Huandikwa inaponunuliwa tu, maana hapo ndipo bei imeonekana. Pili, mnunuzi hupima upya kila mali na kila deni kabla ya kutoa hesabu. Mkopo usiolipika hauhesabiwi kuwa mzima. Tatu, zamani nia njema ilipunguzwa kidogo kidogo kila mwaka. Tangu kanuni ya kimataifa IFRS 3 ya mwaka 2004, hupimwa walau mara moja kwa mwaka, na ikishuka, hasara huandikwa wala hairudishwi tena.

Tutazame jambo la kwetu. Banque Populaire du Rwanda ilianza mwaka 1975 kwa ushirika wa akiba huko Nkamba. Novemba 2020, KCB ya Kenya ilitangaza kununua asilimia 62.06 yake kutoka Atlas Mara, kwa bei ya mara 1.09 ya thamani iliyomo vitabuni. Ununuzi ulitimia Agosti 2021. Pamoja na hiyo ilitaka BancABC ya Tanzania kwa mara 0.42 tu, lakini biashara hiyo haikutimia. Bei ikiwa chini ya thamani iliyopimwa, nia njema haipo; tofauti huwa faida ya mnunuzi, baada ya kukagua vipimo vyake tena.

Yatuhusu nini? Mama avukaye mpaka kwenda Goma na mboga zake huweka akiba benki. Mikopo ikiharibika, nia njema haiuziki peke yake ili yeye alipwe. Kwa hiyo kanuni za Basel huitoa katika mtaji wa msingi. Benki yenye mtaji wa milioni 30, ambao 20 ni nia njema, ina ngao ya milioni 10 tu. Basi ukishika mizania ya benki, utafute mstari huo kabla ya kusifu jumla.

Nanyi kaka zetu mliomaliza hapa na kuingia kazi za benki, tuandikieni mtuongezee.