Kijitabu cha Kushona: Mtoto, Karatasi za River Road na Hamu ya Kusoma

Utangulizi

Wapenzi wa fasihi wanaijua River Road kupitia riwaya ya Meja Mwangi, Going Down River Road (1976). Makala haya yanautazama mtaa uo huo kwa jicho jingine: kama mtaa wa karatasi. Katika maduka yake madogo ya uchapaji, kadi za arusi, vitabu vya risiti na mabango huchapwa na kukatwa, na vipande vinavyobaki huishia guniani. Hoja yetu ni kwamba vipande hivyo vyaweza kumwamshia mtoto hamu ya kusoma, mradi maneno yatakayoandikwa humo yawe yake mwenyewe.

Tatizo

Watoto wengi hukutana na Kiswahili cha maandishi katika kitabu cha kiada tu. Kusoma hugeuka kuwa sehemu ya mtihani. Mtihani ukiisha, kitabu hufungwa. Vitabu vya hadithi vipo, lakini mzazi wa Kangemi au Kawangware anayedaiwa kodi ya nyumba hununua kwanza kile kilichoagizwa na shule.

Utengenezaji

Chukua karatasi nne zinazotoshana, uzikunje pamoja katikati. Utapata kurasa 16. Kata jalada kutoka katika boksi kuukuu. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Pitisha sindano tundu la kati kutoka ndani, irudi ndani kwa tundu la juu, itoke kwa la chini, kisha irejee ndani kwa la kati, funga fundo. Mtoto achore, asimulie, nawe uandike. Kesho yake akusomee.

Suala la lugha

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili hujaribiwa. Mtoto wa Nairobi huenda akasimulia kwa Sheng. Je, tumsahihishe papo hapo? Sylvia Ashton-Warner, aliyewafundisha watoto wa Kimaori nchini New Zealand, alieleza katika kitabu chake Teacher (1963) kwamba maneno ya kwanza ya kusoma yatoke kwa mtoto mwenyewe, kwa kuwa yamebeba furaha na hofu zake. Tukiyafuta maneno hayo, tunamfunza kwamba kitabu si mahali pake. Twapendekeza ukurasa wa kushoto uhifadhi kauli yake jinsi alivyoitamka, na wa kulia uandikwe kwa Kiswahili sanifu, mkiijadili tofauti pamoja. Kwa njia hiyo, usanifu humjia kama nyongeza, si kama adhabu.

Hitimisho

Kijitabu hiki hakichukui nafasi ya maktaba wala ya kazi za waandishi wetu. Ni daraja la kuzifikia. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tunaohakiki riwaya madarasani tujiulize: wasomaji wa riwaya hizo kesho watatoka wapi, ikiwa leo hatumshonei mtoto hata kitabu kimoja?