Tuige Veranda, Tusiige Gharama

Kampuni ya IBEA ilijenga ofisi Malindi mwaka 1890, kisha masetla wakaja na nyumba zao za shambani. Waliozijenga ni wazee wetu, nao hawakukaribishwa kulala ndani. Hata hivyo ramani yake si ya kutupwa.

Pimeni futi 30 kwa 24, veranda ikiwemo. Sebule katikati, vyumba huku na huku, madirisha yatazamane ili upepo wa kusi upite moja kwa moja. Veranda ya mbele iwe futi 6. Siri yenyewe ndiyo hiyo: jua na mvua ya masika havipigi ukuta. Wengi wetu twaikata ili kubana pesa, halafu kila mwaka twakandika upya! Afadhali chumba kipungue. Jiko likae nyuma, mbali, moshi usiwaingilie watoto.

Makuti ni baridi zaidi, lakini paa hilo likiwa la mabati, mvua ya milimita 10 hukupa lita 600 hivi. Wekeni mifereji na tangi.

Kabla ya kuchimba msingi, chorea ramani chini kwa majivu, mama mwenye nyumba aitembee.