Mtoto Ajichokoaye Ngozi

Mama mmoja wa hapa Nyegezi alinijia pamoja na binti yake wa miaka 12, aliyevaa nguo ya mikono mirefu siku ya jua kali. Mama akaikunja ile mikono, nami nikaona vidonda vidogo vingi, vingine vibichi, vingine vyenye vigaga, na makovu meusi katikati. Akasema, “Mchungaji, hakuna mdudu aliyemwuma. Ni kucha zake mwenyewe. Nimemkemea, nimemchapa, nimempaka pilipili vidoleni, wala haachi.” Naungama ya kuwa nilimjibu upesi, nikasema kwamba labda fimbo haijatosha. Baada ya mwezi walirudi. Mtoto alikuwa ameacha mikono, akajichokoa mapajani na kichwani, mahali pasipoonekana. Ndipo nilipotambua kwamba nilimshauri vibaya, nikaenda kuwauliza wajuao.

Ndugu wasomaji, jambo hili si geni. Mwaka 1875 tabibu Erasmus Wilson wa London aliandika habari za watu waliojichuna ngozi hivi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kililiandika katika kitabu chake kuwa ugonjwa wenye jina lake, na Shirika la Afya Duniani limelitia katika orodha ya magonjwa inayotumika tangu 2022, karibu na ule ugonjwa wa kujing’oa nywele. Mara nyingi huanza mtoto anapobalehe, chunusi zitokeapo.

Yafaa tuelewe jinsi mkono huo utendavyo. Kidole hugusa kipele au kigaga, na mtoto huona wasiwasi mpaka akibandue. Akikibandua, hupata nafuu kidogo. Kisha huona damu, huona aibu, na aibu humletea wasiwasi tena. Pengine hajui hata kidogo kwamba mkono wake unachokoa, hasa akiwa anasoma. Basi mzazi ashikaye fimbo amwongezea nini? Amwongezea aibu na wasiwasi, yaani mambo yale yale yaliyouita mkono. Ndiyo sababu yule binti hakuacha, bali alijificha.

Lakini kwanza mpelekeni mtoto hospitali, kwa maana si kila ajikunaye ana ugonjwa huu. Upele huwasha sana usiku, na mara nyingi huwapata wengi wa nyumba moja. Kuna ukurutu. Tena sisi tukaao kando ya ziwa twajua mwasho umpatao mtu aliyeoga katika maji yenye kichocho. Maneno ya upole hayataua mdudu wa upele. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, si mbali nasi. Na huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu 1992 chuo kifundishacho waganga wa ngozi. Vidonda vikitoa usaha, au wekundu ukienea, au homa ikija, msikawie.

Ikijulikana kwamba hakuna mwasho, iko njia iliyoanzishwa Marekani na Nathan Azrin na Gregory Nunn, walioieleza mwaka 1973. Kwanza mtoto hufundishwa kuujua mkono wake. Yule mama alikaa na binti yake siku 7 wakiandika katika daftari ni saa ngapi na mahali gani alipojichokoa, pasipo kumlaumu. Wakaona ni jioni akifanya hesabu, tena kila asimamapo mbele ya kioo. Kioo kikahamishwa. Kucha zikakatwa fupi. Vidonda vikaoshwa kwa maji safi na sabuni, vikapakwa mafuta ili vigaga visikauke vikavuta kidole, vikafunikwa kwa kitambaa safi. Kisha mkono hupewa kazi nyingine: mtoto akiona hamu inakuja, hukunja ngumi na kuikaza dakika moja au zaidi, mpaka hamu ipungue. Baba yake ni mvuvi. Akampa kipande cha wavu uliochanika, naye hukishona jioni baada ya hesabu. Mama akiona mkono unapanda, hasemi “Acha!” Humgusa bega tu, kama walivyopatana.

Sasa miezi 4 imepita. Hajaacha kabisa. Wiki ya mitihani alirudia, na mama akataka kukata tamaa. Lakini mapaja yamepona, na mikono ina vidonda vichache.

Nanyi waalimu na wainjilisti, nina neno kwenu. Mtoto huyu aliambiwa mbele ya wenzake ya kuwa ana ukoma, na jirani mmoja alisema ni pepo. Kwa maneno hayo aliogopa kulala peke yake. Msimwite mtoto wa namna hii mbele ya darasa aonyeshe mikono, wala msimwombee kwa sauti mkilitaja jambo lake. Semeni naye kando, mama yake akiwapo. Na akiwa haendi tena kwa wenzake, hali chakula, au akisema kwamba heri afe, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo, msingoje Jumapili.