Kichujio cha Umeme katika Kisanduku cha Kupozea
Mombo iko bondeni, na joto lake hupita la Lushoto. Mnunuzi wa kisanduku cha kupozea maziwa, cha volti 12 chenye kigae cha Peltier, aulize kwanza jinsi umeme wake unavyopunguzwa. Ukikatwakatwa bila kuchujwa, kigae hupokea ampea 4 kwa nusu ya muda badala ya ampea 2 mfululizo: ubaridi hauongezeki, ilhali joto linalozalishwa ndani ya kigae huwa maradufu na betri huisha mapema. Koili ya kichujio istahimili mkondo wa juu kabisa wa kigae. Iliyo dhaifu hulemewa, ikaacha kuchuja. Kapasita iwe ya volti 25, nyuzijoto 105. Ya volti 16 ni nafuu, lakini betri ya sola inapochajiwa hufikia volti 14.4.