Taa Kwenye Boti Ni Haki ya Abiria

Usiku ambao mwezi haujatoka, hori ya Kilifi hung'aa. Tia mkono majini tu, viumbe vidogo mno vinawaka, na watu hulipa nauli kwenda kuvitazama. Ili mng'ao uonekane vizuri, nahodha hushawishika kuzima taa zote. Hapo msafiri, usinyamaze.

Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini, ambazo Kenya imejifunga nazo, zinataka taa ziwake tangu jua kuchwa hadi kucha. Boti ya mashine isiyofika mita 12 inatosheka na taa nyeupe inayoonekana pande zote, pamoja na nyekundu kushoto na kijani kulia. Dau la tanga lisilofika mita 7, au chombo cha makasia, likikosa taa hizo lazima liwe na tochi au fanusi tayari, ya kumulika mapema chombo kingine kinapokaribia. Starehe ya abiria si udhuru.

Hizo ni taa za kuonekana. Za kukuokoa ni jambo jingine, na ndilo linalonitia wasiwasi. Taa za boti ndogo zikitegemea betri moja na mashine, maji yakiifikia betri hiyo, zote huzimika pamoja. Kwa hiyo ukiwa bado ufuoni, mwambie nahodha: "Naomba unionyeshe tochi ya dharura, na uiwashe." Iwe ya kuzuia maji, si tochi ya dukani iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Geuza pia jaketi la kujiokoa ulilopewa: lina kitaa, au utepe unaong'aa ukimulikwa? Bila hivyo, mwokoaji anaweza kupita karibu yako asikuone.

Kuuliza si ukorofi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya huduma salama, ya kuelezwa unachohitaji kujua, na ya fidia ukidhurika, hata mwenye boti akiwa mtu binafsi. Uliza pia cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA).

Nahodha akikataa kukuonyesha, usipande, dai nauli yako. Piga picha namba ya boti, hifadhi ujumbe wa M-Pesa, kisha ripoti KMA au kwa Walinzi wa Pwani. Ukipata hasara, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili.