Inakwama Wapi?

Ordinatere mpya inayofika Zongwe mara nyingi imesafiri kuliko mwenye kuinunua. Imeshushwa bandarini Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma, ikavushwa Ziwa Tanganyika kuja Kalemie, upande wetu wa Kongo, halafu ikafungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Fundi, ni mpya kabisa, plastiki yake nimeitoa leo," mimi nasikia kwamba ni mashine iliyotikiswa wiki kadhaa na hakuna aliyeifungua kuangalia kilicholegea.

Mwalimu mmoja wa Zongwe aliniletea ya kwake, ile ya mezani, na flashi aliyokuwa akisakinishia Windows. Ilikuwa imegoma kwenye asilimia 34. Akarudia, ikagoma kwenye 61. Mara ya tatu ikaleta skrini ya bluu na kujizima. "Fundi, diski imekufa?" Nilimwamini. Nikaifuta diski yote, nikaigawa upya, nikaanza tena, mchana ukaisha nami nikiwa palepale. Nilikuwa na jibu mkononi tangu mwanzo, ila sikulisoma: 34, kisha 61, kisha skrini ya bluu. Ugonjwa ulikuwa unahama.

Swali la kwanza, kabla ya kushika bisibisi, ni hilo: inakwama mahali palepale au inahama? Ikikwama kwenye faili lile lile kila mara, shuku kitu kisichobadilika: flashi, faili la Windows au Linux ulilolipakua, kipande kibovu cha diski, au dereva inayokosekana. Ikihama, shuku RAM, joto au umeme. Data hazikai sehemu ile ile ya RAM kila unapowasha, joto hupanda kwa zamu yake, na umeme hufuata majirani. Hii si sheria ya Musa, na nimewahi kuona flashi mbovu ikikwamisha kazi mahali tofauti kila siku. Ila hukuonyesha pa kuanzia, na ukianza pabaya unapoteza siku nzima.

Chukua karatasi. Andika asilimia, saa, na namba ya kosa, au piga picha kwa simu. Kisha badilisha kitu kimoja tu, ujaribu tena. Ukibadilisha flashi, waya na RAM kwa mkupuo, mashine ikapona hutajua ni nini kilichoiponya, na ikiugua tena unaanza sifuri.

Anza na flashi kwa sababu ni rahisi na ni mwongo mkubwa. Faili la GB 5 au 6 lililopakuliwa kwa mtandao wa simu, ukikatika na kurudi, linaweza kuonekana zima kumbe lina tobo. Dawa yake ni kulipima kwa alama ya SHA-256 ambayo wenye programu huitangaza. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux andika sha256sum na jina la faili. Herufi na tarakimu zote zilingane. Moja ikitofautiana, pakua upya, usijadiliane nalo. Kosa namba 0x80070570 wakati Windows inanakili mafaili lina maana ya faili lililoharibika au lisilosomeka, na hapo flashi ndiyo mshtakiwa wa kwanza.

Halafu kuna flashi zinazojiita GB 64 ilhali tumboni zina GB 8. Zinapokea kila unachoandika bila kulalamika, ila zikishajaa zinaandika juu ya ulichoandika mwanzo. Programu ya H2testw kwenye Windows, au f3 kwenye Linux, huijaza flashi tupu yote na kuisoma tena, ikakuambia ukubwa wake halisi. Ifanye usiku kabla ya siku ya kazi, na flashi iwe tupu kwanza, kwa sababu hupima nafasi iliyo wazi tu. Na chomeka flashi nyuma ya mashine, kwenye tundu lililo juu ya bodi yenyewe. Matundu ya mbele yameunganishwa kwa waya wa ndani, na waya huo ni miongoni mwa vinavyolegea barabarani.

Flashi ikiwa safi na ugonjwa bado unahama, nenda kwenye RAM. Chomoa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili masalia ya umeme yaishe, gusa chuma cha kasha, kisha toa vipande vya RAM na kuvirudisha hadi vibano vilie. Nusu ya mashine ninazoletewa hupona hapo, na mwenye mashine hushangaa kwa nini nimlipishe. Miguu ya dhahabu ikiwa na ukungu, kitambaa kikavu kinatosha. Kwenye mwambao huu wa ziwa unyevu haukosi, na mashine iliyoingia ndani kutoka baridi ya asubuhi ipewe saa moja kabla ya kuwashwa.

Isipopona, tumia Memtest86+. Ni programu ya bure inayowaka yenyewe kutoka kwenye flashi bila Windows wala Linux, na toleo la 6 lililotoka mwaka 2022 linakubali mashine za UEFI. Ikikataa kuwaka, zima Secure Boot kwanza. Iache imalize mzunguko mzima, na ikiwezekana ilale inafanya kazi. RAM haina kosa dogo. Mstari mwekundu mmoja tu unatosha kuikataa, kwa sababu herufi moja iliyogeuka wakati wa kunakili inaandikwa hivyo diskini, na utaikuta miezi mitatu baadaye kwenye hati ya mishahara. Skrini ya bluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT, au Linux inayoua programu kwa kile inachokiita signal 11, nazo huelekea huko huko.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanaona nyekundu, wanatupa RAM. Subiri. Pima kipande kimoja kimoja katika tundu moja, kisha kipande kile kile katika tundu la pili. Kosa likifuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki na tundu, ubovu uko kwenye mazabodi, au karte-mere tunavyoiita huku, na RAM mpya haitakusaidia kitu. Vikiwa vizima kila kimoja peke yake lakini vikigombana pamoja, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe, uondoe kasi ya kuongezewa, inayoitwa XMP au EXPO, uache vikimbie mwendo wao wa kawaida.

Umeme nauweka baada ya RAM ingawa pengine unastahili kuwa wa kwanza. Mashine zinazotoka Tanzania zina plagi ya pini tatu za mraba, na ukutani kwetu ni matundu mawili ya duara, basi katikati tunaweka adapta ya sokoni iliyolegea. Shika adapta hiyo baada ya dakika kumi: ikiwa ya moto, mguso ni mbaya, na mashine itazimika pale hasa prosesa na diski zinapoanza kula umeme mwingi, yaani katikati ya kazi yako. Pawasaplai za zamani zina kiswichi chekundu nyuma kilichoandikwa 115 na 230. Kiwe 230 kabla hujachomeka chochote. Kikiwa 115 kwenye umeme wetu utasikia mlipuko, na huo hauhitaji utambuzi.

Wanaotumia paneli za jua waangalie invata yao. Invata za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi ngazi, si lile laini, na pawasaplai nyingi za kisasa hulichukia: zinalia kama nyuki, au zinajizima mzigo ukiongezeka. Nimeona mashine nzima kabisa ikihukumiwa kwa kosa la invata. Ipeleke mahali penye umeme mwingine, hata kwa jirani mwenye jenereta nzuri, ujaribu huko. Laptopu iwe na betri iliyojaa kabla ya kuanza. Na usithubutu kubadilisha BIOS yenyewe siku ambayo taa zinapepesa. Umeme ukikatika katikati, mashine nyingi haziwaki tena bila fundi mwenye kifaa cha kuandika upya chipu yake.

Joto ni fupi. Ingia BIOS, kaa ukitazama kipimo cha joto la prosesa. Kikitulia kwenye 40 au 50, sawa. Kikipanda bila kusimama hadi 90, kile chuma kinachopoza prosesa kimeachia upande mmoja. Kwenye mashine nyingi kimeshikwa na vipini vinne vya plastiki, na pikipiki inajua kuvifungua. Kirudishe, na ukikitoa kabisa paka upya ile dawa ya kupitisha joto.

Sasa diski. Kisa kinachonichekesha hadi leo ni cha laptopu mpya kabisa ambazo Windows inadai hazina diski. Wenye nazo huja wamenuna, tayari kurudi Kigoma kugombana. Laptopu nyingi zenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 huficha diski ya NVMe nyuma ya kitu kiitwacho VMD, na Windows inaposakinishwa haina dereva ya kukiona. Pakua dereva ya Intel Rapid Storage, iweke kwenye flashi, uipakie pale inapouliza diski iko wapi, au zima VMD ndani ya BIOS kabla ya kuanza. Ukiizima baada ya kusakinisha, Windows iliyomo inaweza kushindwa kuwaka. Kwenye laptopu yenyewe hakuna kilichovunjika.

Diski inayoonekana lakini inakawia au inagoma, isomee historia yake. CrystalDiskInfo kwenye Windows, au smartctl -a kwenye Linux ya kuwasha kutoka flashi, huonyesha vipimo vya SMART. Kwenye diski za SATA tazama namba 5, 197 na 198, zinazohesabu vipande vilivyokufa au vinavyoelekea kufa. Zikiwa juu ya sifuri kwenye diski unayoambiwa ni mpya, irudishe, na kama namba zinapanda huku unatazama, usiweke humo kitu unachokipenda. Lakini namba 199 ikipanda peke yake, diski haina hatia, waya wa SATA ndio unaopotosha data. Waya mpya ni bei ya soda kadhaa. Diski mpya ni mshahara wa watu.

Kuna mambo yanayofanana na ubovu na si ubovu. Skrini nyeusi kwenye mashine yenye kadi ya picha: angalia kama umechomeka waya wa skrini kwenye tundu la mazabodi badala ya la kadi. Linux inayokuwa nyeusi baada ya menyu: ongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia, na ikiwaka, tatizo ni dereva. Windows 11 ikisema mashine haifai, na wengi wanaiomba tangu Windows 10 ilipokosa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, tazama kama TPM 2.0 imezimwa tu ndani ya BIOS, inakojiita PTT kwa Intel na fTPM kwa AMD. Mtandao ukikataa kila cheti, tazama tarehe. Kama mashine inaamini iko mwaka 2015, betri ndogo ya CR2032 imekwisha. Na nenosiri likikataliwa dakika mbili baada ya kuliweka, uliza kibodi: tumezoea AZERTY ya Kifaransa, mashine za kutoka ng'ambo ya ziwa ni QWERTY, na ukichagua lugha ya Kifaransa mwanzoni, Windows inaweka AZERTY bila kujali maandishi ya vitufe. Unabonyeza Q inaandika A, unabonyeza W inaandika Z, nawe huoni ila vidoti.

Turudi kwa mwalimu. Memtest86+ ilionyesha nyekundu ndani ya dakika tano. Mashine ilikuwa na vipande viwili vya GB 8. Nilipima cha kwanza katika tundu la kwanza: safi. Cha pili katika tundu lile lile: safi. Nikavihamishia tundu la pili kimoja kimoja, vyote viwili vikatoa nyekundu. Tundu lilikuwa na mguu mmoja uliopinda, nikauona kwa tochi ya simu.

"Kwa hiyo nimenunua nusu ya mashine," akasema.

"GB 8 zinatosha kazi ya shule, mwalimu. Ila andika barua."

Tuliiandika pamoja kwa ajili ya aliyemuuzia: tarehe, namba ya mashine, kipande gani kilipimwa katika tundu gani, na picha za skrini nyekundu. Windows iliingia jioni hiyo bila kusimama. Kipande cha pili cha RAM nilikifunga ndani ya bahasha ya karatasi, nikakibandika kwa utepe upande wa ndani wa kasha, ili siku mazabodi ikibadilishwa asikitafute.